Kilomita za Baba

Watu wakiniona asubuhi kwenye tuta la Garsen nikitweta, hunisifu miguu. Wananiudhi. Miguu kila kiumbe anayo, hata mbuzi. Mtu wa mbio ndefu asiye na daftari ni sawa na mpishi asiyeonja: atapika kila siku na hatajua jana alikosea wapi. Mimi nina madaftari kumi na mawili ya mazoezi, na katika yote hayo hakuna mstari hata mmoja nilioandika kwa mkono wangu. Yameandikwa na baba.

Ni madaftari ya miraba, yale ya hesabu ya watoto wa shule. Kila ukurasa baba ameugawa kwa rula: tarehe, masafa, muda, hewa, mto, na mwisho safu pana kuliko zote aliyoiita hali ya mkimbiaji. Kwenye safu ya mto huandika kama maji yamepanda au yameshuka, ingawa mpaka leo sijui maji yanahusiana nini na magoti yangu. Ile safu ya mwisho ndiyo iliyotugombanisha miaka nenda miaka rudi, maana mzee yule hana siri. "Amekimbia vizuri ila amenuna." "Amekunywa chai tupu, nimemkanya." "Leo hakukimbia. Asema mvua. Mvua haikunyesha." Siku moja nikakuta ameandika, "Amegombana na mteja, kasi imeongezeka," nikamwambia afute. Akakataa katakata. Alisema kilichoandikwa hakifutwi, huongezewa tu.

"Baba," nikamwambia, "hii ni rekodi ya mazoezi au ni taarifa ya polisi?"

"Mama," akanijibu, kwa kuwa nimerithi jina la mama yake na ndivyo anavyoniita, "usipojua siku hiyo ulikuwa na hali gani, hizo dakika zitakuambia nini?"

Alisema kweli, lakini sikumwambia. Mimi ni mtu wa hasira, sikatai, na mtu wa hasira hakubali kushindwa mapema asubuhi.

Baba mwenyewe hajawahi kukimbia mbio hata moja. Ujanani alikuwa mshika mnyororo kwenye mradi wa kunyunyizia mashamba kule Hola. Wapimaji wanachungulia kwenye chombo chao, yeye anauvuta mnyororo wa chuma wa mita ishirini kutoka kigingi hadi kigingi, juani, topeni, miibani. Miaka ikapita mpaka mguu wake ukaujua ule urefu wenyewe. Mnyororo mmoja, hatua ishirini na tano. Wapimaji walikuwa wakimjaribu kwa mzaha: wanauficha mnyororo, wanamwambia atembee, kisha wanakuja kupima, na unyayo wa ishirini na tano umekanyaga mita ishirini barabara. Ukipiga hesabu, kila hatua ni sentimita themanini. Nimelisikia neno hilo tangu nikiwa mgongoni. Sentimita themanini, kiangazi na masika.

Kwetu Garsen hatua ya baba ilikuwa sawa na hati. Ndugu wakigawana shamba la mpunga, majirani wakizozania mpaka, utasikia, "Kamwiteni mzee aje apige hatua." Anakuja na punje za mahindi kwenye mfuko wa kulia. Kila minyororo kumi anahamisha punje moja kwenda mfuko wa kushoto, na punje tano ni kilomita. Akimaliza hutaja hesabu yake, basi, na ugomvi umekwisha. Sijawahi kusikia mtu akimbishia. Heshima yake yote hapa mjini ilisimama juu ya hatua hiyo, naye alilijua hilo, na akatembea kama mtu anayelijua.

Nilipokuwa kidato cha pili na kuanza kushinda mbio za shule, alitoka asubuhi moja na vigingi vitano akaenda kunipimia njia. Kutoka mlangoni kwetu, kufuata tuta, kuelekea upande wa kijiji cha Wema: kigingi kila kilomita, kichwa chake kimepakwa rangi nyeupe. Tano kwenda, tano kurudi, jumla kumi. Yeye anakaa mlangoni kwenye stuli na saa yake ya mkono, mimi naenda na kurudi, naye anaandika. Nikamaliza shule, nikajifunza ushonaji, nikafungua kibanda cha kushona sare karibu na soko, nikaolewa, nikaachika, nikarudi nyumbani. Katika hayo yote asubuhi zilikuwa zile zile, na vigingi vile vile. Siku zangu nzuri nilimaliza kwa dakika arobaini na nne. Hapo ndipo nilipofikia nikiwa na miaka ishirini, na hapo ndipo nilipokwama.

Kisha yakaja mafuriko. Mto ulivunja kingo tukahamia barabarani juu, kwenye mahema, miezi mitatu. Baba alitoka nyumbani na madaftari yake kwenye mfuko wa plastiki kichwani. Redio aliiacha. Viatu vyake vya kanisani aliviacha. Mimi simu yangu ya kugusa ilizama nikivuka maji ya kiunoni, na tangu hapo nikarudi kwenye mulika mwizi, simu ya vitufe na tochi. Nalisema hili mapema msije mkaniuliza kwa nini sikuipima njia kwa simu kama watu wengine.

Maji yalipopungua tulirudi tukakuta ukuta una mstari wa tope kimo cha dirisha, na vigingi vyote vimekwenda na maji. Tuta lenyewe lilikuwa limemegwa hapa na pale, miti imelala, huwezi kujua nini kilikuwa wapi. Kabla hata ya kusiriba nyumba, baba alikata vijiti vitano vya mti wa mathenge, akajaza punje mfukoni, jirani akimcheka kwamba mahindi hayo angeyapika, akaenda kupima upya. Nilimtazama akiondoka, mgongo umeinama kidogo, midomo ikicheza kwa kuhesabu. Moyo wangu ulifurahi sana. Niliona kwamba maisha yamerudi.

Nikaanza tena mazoezi, na hapo mambo yakawa ya ajabu. Mwezi wa kwanza tu nilikuwa nimeshafika dakika zangu za zamani, baada ya miezi mitatu ya kukaa hemani. Mwezi wa tatu nikamaliza kwa arobaini na moja. Baba aliinuka kwenye stuli.

"Rudia," akasema.

"Nirudie kukimbia?"

"Kesho. Kesho urudie."

Nikarudia kesho yake, na keshokutwa. Arobaini na moja, arobaini na moja na nukta chache, mara moja hata arobaini na sekunde hamsini. Tulitafuta sababu, na sababu hazikosekani kwa anayezitaka. Mimi nilisema ni samaki tuliokula kule mahemani. Baba alisema ni kutembea kwenye tope kulikokaza misuli. Kwenye safu ya mwisho akaandika, "Mafuriko yamemfaa," na jioni akawa anafungua ukurasa ule na kuusoma peke yake, akitabasamu. Nilijifanya sioni.

Mtu mmoja tu alituambia ukweli, nami nikamjibu vibaya. Alikuwa mfugaji wa Kiorma ambaye kila asubuhi nilipishana na ng'ombe wake wakienda kunywa. Njia yao ya kuteremkia mtoni wenyewe huiita malka, na sisi sote tunaiita hivyo hivyo. Siku hiyo alinisimamisha kwa fimbo.

"Dada, kijiti yenu ya nne zamani ilikuwa hapa kwa malka," akasema. "Sasa iko nyuma huko."

"Mafuriko yamehamisha kila kitu, kaka."

"Malka haihami. Watu inapigania malka miaka yote, itahama aje? Ni kijiti imehama."

Nikamwambia vigingi vile vimepimwa na baba yangu, na kama ana shaka aende kumuuliza yeye. Nilisema kwa ukali. Akanipisha, akapiga mluzi, ng'ombe wakateremka. Sikulifikiria tena.

Miaka miwili baada ya mafuriko kaunti ikatangaza mchujo wa wakimbiaji huko Hola. Mwanamke atakayemaliza kilomita kumi chini ya dakika arobaini na mbili anaingia kwenye timu. Nilikuwa na miaka thelathini na minne, na nilijua vizuri kwamba mwaka wa thelathini na tano hautaniletea nafasi nyingine. Nilitaka baba anione na fulana ya kaunti mwilini, angali ana macho ya kuniona. Naye hakungoja nichaguliwe. Alizunguka Garsen nzima na daftari kwapani. Kwenye kibanda cha chai karibu na stendi alilifungua mezani, akaweka kidole kwenye zile arobaini na moja, akasema, "Hesabu hii imepimwa kwa mguu huu." Watu wakaitikia. Nani angebisha?

Kule Hola nilianza kwa kasi ya daftari. Njia yao nayo ilikuwa na kigingi kila kilomita, na mwili wangu ulijua cha kwanza kinakuja lini, lakini wakati huo hakikuja. Nilikimbia nikikitafuta, nikaona nimechelewa, nikaongeza mwendo. Cha pili nacho kikachelewa. Nikaongeza tena. Kufika cha sita nilikuwa sina pumzi wala magoti, na wasichana ambao ningeweza kuwazaa wakawa wananipita mmoja mmoja wakisema, "Pole, auntie." Nilimaliza kwa dakika arobaini na saba. Baba alikuwa amesimama pale mwisho. Aliitazama saa yake, akaiweka sikioni kusikiliza kama inakwenda.

Sikuweza kumtazama usoni. Nilisema, "Nimekuangusha, baba."

"Hukuniangusha," akasema polepole. "Njia hii si kilomita kumi."

Hakurudi nami. Alilala kwa mwenzake wa zamani wa mradi, na kesho yake akaichukua ile njia yote, tangu mwanzo hadi mwisho, kwa hatua na punje za mahindi. Aliporudi Garsen uso wake uling'aa. "Kilomita kumi na mita mia nane," akanitangazia hata kabla ya kuketi. "Wamekuibia mita mia nane."

Nilimwamini, tena upesi. Nilikasirika vizuri sana siku ile, hasira tamu, ya mtu aliyeonewa. Tulikaa pamoja tukatunga barua ya malalamiko kwa kaunti. Baba akaisoma kwa sauti kwenye kibanda cha chai, watu wakapiga meza. "Njia ya mwongo ni fupi," alisema, "lakini hawa yao ni ndefu, basi hawa wamezidi hata waongo." Kibanda kizima kikacheka. Mpango wake ulikuwa aende Hola Jumatatu na barua na daftari, awatake maofisa waitembee njia naye, hadharani. Wao waje na gurudumu lao la kupimia, yeye aje na mguu wake.

Kwa safari hiyo alitaka suruali mpya. Akaja kibandani kwangu Jumatano, nikamsimamisha, nikatoa tepu shingoni. Mimi nami nina kitabu changu, cha vipimo vya wateja, na ukurasa wa baba ni wa kwanza kabisa, tangu siku niliyofungua kibanda. Urefu wa suruali: inchi arobaini na moja. Nikapima. Thelathini na tisa na nusu.

"Simama vizuri, baba."

"Nimesimama."

Nikapima tena, nikadhani tepu imejikunja. Haikujikunja. Nikaandika hesabu mpya chini ya ile ya zamani, nikabaki nazitazama zote mbili. Baba akauliza kama kuna tatizo. Nikasema kitambaa kitatosha.

Usiku ule maneno ya yule mfugaji yalinirudia yote, neno kwa neno. Asubuhi ya Alhamisi sikukimbia. Nilitembea kwenye tuta hadi pale mfereji unapokata njia, ambapo udongo wa mto hubaki laini. Baba hupita hapo kila siku kwenda kutazama vigingi, na alama za viatu vyake vya akala nazijua hata gizani. Nikachuchumaa, nikaweka tepu, upande wa sentimita, kutoka kisigino hadi kisigino. Sabini na nne. Nyingine, sabini na tatu. Sabini na tano. Sabini na nne.

Nikaketi pale pale topeni. Ile kasi yote ya daftari haikuwa yangu. Ulikuwa uzee wa baba, nasi tuliushangilia kila asubuhi kwa miaka miwili. Mafuriko yalipochukua vigingi vya ujana wake, alivipiga vingine kwa mguu wa uzeeni, na kila kilomita yake ikapungua bila mtu kujua. Niliumia, na timu ya kaunti haikuwamo tena kwenye maumivu yale. Nilimwona baba Jumatatu ile, na suruali mpya niliyomshonea mimi, amesimama mbele ya maofisa wa umri wa wajukuu wake, watu wamejaa, gurudumu linasema hivi na mguu wake unasema vile. Wangecheka. Na akirudi hapa Garsen asingeitwa tena kwenye shamba la mtu yeyote.

Sasa nitamwambiaje? Mimi ninayewafokea wateja hadi wanasahau walichokuja kushonewa, nilikosa neno. Nikafikiria kuificha barua. Nikafikiria kusema cherehani imeharibika, suruali haitakwisha. Ijumaa alipita akauliza, nikasema bado, akaniambia, "Fundi ni wewe au ni cherehani?" Suruali ilikuwa imekwisha, nimeikalia.

Nilichokuja kuamua ni kwamba baba hataamini maneno, ataamini kipimo. Jumamosi nilinunua kamba ya katani. Tepu yangu ni ya mita moja na nusu. Nikaipima kamba mara kumi na tatu, nikaongeza nusu mita, nikafunga fundo: mita ishirini. Jumapili baada ya kanisa nikamwambia, "Baba, nifundishe kushika mnyororo."

Alicheka kwa furaha. Kwa miaka yote ile sikuwahi kumuuliza kazi yake ilifanywaje. Tukatoka hadi kwenye tuta, akanionyesha namna ya kukaza, namna ya kumwitikia mwenzako, namna ya kutoruhusu kamba ilegee katikati. Tukaikaza, tukailaza chini. Mimi nikabaki mwisho mmoja, yeye akarudi mwanzo.

"Sasa piga hatua," nikamwambia. Sauti yangu ilikuwa mbaya, nadhani aliisikia.

Alikuja akihesabu, mgongo ameunyoosha kwa kuwa namtazama. Ishirini na tatu. Ishirini na nne. Ishirini na tano. Akasimama. Kati ya mguu wake na fundo nililokanyaga kulikuwa na kipande cha kamba kilichobaki, kiasi cha kimo cha mtoto wa darasa la tano. Tukatazamana juu ya kipande hicho.

"Kamba hii kaipima nani?"

"Mimi."

"Lete tepu."

Alipiga magoti akaipima mwenyewe, mara kumi na tatu na nusu mita, bila haraka, kidole kikishika kila alama. Kisha akarudi mwanzo akatembea tena. Alipofika miguuni pangu alisema, "Ishirini na saba." Aliitaja kama anavyotaja hesabu ya shamba la watu.

Akaketi chini. Nami nikaketi kando yake, nikasema, "Baba, nisamehe."

"Umekosa nini?"

"Nilijua tangu Alhamisi."

"Na suruali?"

"Ilikwisha Ijumaa."

Alinitazama, akatikisa kichwa, na kitu kama kicheko kikampita usoni. Halafu tukarudi nyumbani. Akatoa daftari, akaomba ile kalamu yangu nyekundu ya kuandikia majina kwenye sare, akakaa mezani mchana kutwa. Hakufuta kitu. Kando ya kila muda aliouandika tangu mafuriko akaongeza muda wa kweli kwa wino mwekundu, ukurasa baada ya ukurasa, akihesabu kwenye karatasi ya pembeni. Nilijifanya nashona upindo. Nilimsikia akigeuza kurasa mpaka jua likapoteza ukali.

Jumatatu asubuhi alivaa suruali mpya. Nikaogopa. Nikadhani amekataa kipimo na Hola anakwenda vile vile. Alichukua barua, akachukua daftari la sasa na jingine kuukuu kutoka sandukuni, akatoka. Nikamfuata kwa nyuma bila kuitwa. Hakwenda stendi. Aliingia kwenye kile kibanda cha chai, wakati ule wa asubuhi kimejaa, akasimama katikati.

"Barua niliyowasomea si ya kweli," akasema. "Njia ya Hola iko sawa. Hatua yangu ndiyo imepungua. Zamani ishirini na tano, leo ishirini na saba. Niliowapigia hatua tangu mafuriko, njooni nyumbani tupime upya kwa kamba."

Hakuna aliyecheka. Kijana mmoja ambaye baba alimpimia shamba na kaka yake akasema kwa upole, "Mzee, letu lilitosha."

"Halikutosha. Njoo."

Yule mfugaji wa Kiorma alikuwamo, ameshika kikombe kwa mikono miwili. Hakumtazama baba. Alinitazama mimi, nami nikainamisha kichwa, maana mtu huyu nilimfokea kwa kusema kweli. Akasogea kwenye benchi kunipa nafasi.

Nilidhani baba amemaliza. Ndipo akaweka madaftari yote mawili mezani na kuyafungua. "Sasa tazameni hapa," akasema, na sauti yake ikawa ile ile ya siku alipokuwa akiwaonyesha arobaini na moja. La, ilizidi. Kidole chake kikateremka kwenye wino mwekundu: arobaini na nne, arobaini na nne na kidogo, arobaini na nne. Kikahamia kwenye daftari kuukuu, la nilipokuwa na miaka ishirini: arobaini na nne. "Miaka kumi na minne," akasema. "Mto umevunja kingo. Nyumba yangu imezama. Mimi nimepungua. Huyu hajapungua hata dakika moja. Nimekaa naye kila asubuhi na sikujua, mpaka nilipopungua mimi."

Watu waliinama kusoma. Mimi nililia, tena kwa sauti, mbele ya wateja wangu wanaoniogopa, na sikujali. Mwenye kibanda akaniletea chai nikashindwa kuinywa. Baba alikunywa yake, akakunywa na yangu, akaichana barua vipande viwili, akaniambia jua linapanda, twende tukang'oe vigingi.